Mkono Unaojua Kusita

Wapo madaktari wa usingizi walioanza kujifunza moja ya kazi zao ngumu kwa kuchoma ndizi. Mwaka 1989 jarida la kitabibu la Anesthesiology lilichapisha maelezo mafupi ya namna matunda ya gengeni yanavyoweza kumzoesha mwanafunzi sindano ya epidurali, ile inayopunguza uchungu wa uzazi kupitia mgongoni. Mwaka 2013 madaktari wengine wakayashindanisha matunda manne, wachomaji wakiwa hawajui wanachoma lipi. Ndizi ikashinda. Hawakutuambia ni ndizi gani, na msomaji aliyekulia Tanga ana haki ya kuuliza, maana kati ya kisukari na mzuzu pana umbali.

Kinachofundishwa na ndizi ni kitu kimoja tu. Bomba la sindano limejazwa maji ya chumvi. Ncha ikiwa ndani ya ganda, kidole gumba kinasukuma na bomba linakataa. Ncha ikishavuka ganda na kufika penye ulaini, ule ukaidi unatoweka ghafla na maji yanakwenda. Hapo mkono wa pili, ulioishika sindano, lazima usimame papo hapo, kabla hata kichwa hakijapata nafasi ya kuuamuru.

Kwa mzazi, ganda hilo liko ndani zaidi. Daktari hupapasa ncha za juu za mifupa ya nyonga, kushoto na kulia, akawaza mstari unaoziunganisha. Mstari huo hupita kwenye pingili ya nne ya kiuno au karibu nayo. Kutoka hapo anahesabu kwa vidole na kuchagua pengo kati ya pingili mbili. Uti wenyewe wa neva, kwa mtu mzima, huwa umeishia juu zaidi, karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini yake kuna neva zilizolegea ndani ya maji, ndani ya mfuko wa utando. Ndiyo sababu sindano haichomwi juu. Watu wengi huamini kwamba epidurali inaingia ndani ya uti wa mgongo, kumbe ikienda sawasawa haiugusi hata ule utando unaoufunika.

Njiani inapita ngozi, mafuta, kano inayofunga ncha za pingili, kano nyingine inayojaza pengo kati yake, kisha kano ya njano, ambayo wenye kuizoea husema inakwaruza sindano kwa namna yake. Nyuma ya kano ya njano ndipo penye uwazi wa epidurali, wenye mafuta na mishipa ya damu. Baada ya uwazi ndio utando. Kutoka kwenye ngozi hadi uwazini, kwa wengi, ni sentimita 4 hadi 6, na uwazi wenyewe ni wa milimita chache. Kwa hiyo mtu anasukuma chuma kwa nguvu kupita mahali pagumu, akijua kwamba akipitiliza kwa upana wa punje ya mchele atatoboa kitu asichotaka kukitoboa. Na haoni. Mashine ya picha za mawimbi ya sauti inaweza kumkadiria kina kabla hajaanza, lakini dakika ile yenyewe humwachia kidole gumba.

Uzuri wa kazi hii unaanza kuonekana kwenye maandalizi, ambayo mtazamaji mwenye haraka angeyaona ni urasimu. Mzazi anaulizwa kama anatokwa damu ovyo, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama ana homa au kidonda mgongoni. Majibu mengine humaliza habari pale pale, na daktari mzuri hutambulika kwa sindano alizokataa kuchoma kama anavyotambulika kwa alizochoma. Dripu inawekwa kwanza. Barakoa, kofia, joho, glavu safi. Mgongo unapakwa dawa ya kuua vijidudu na kuachwa ukauke wenyewe, na dawa hiyo huwekwa mbali na sinia ya vifaa, kwa sababu tone lake likiingia karibu na neva linaweza kuziunguza.

Halafu mkao. "Mama, kaa ukingoni mwa kitanda, miguu kwenye kistuli. Kumbatia mto. Kidevu kifuani, mgongo nisukumie mimi." Mkunga anasimama mbele yake akimshika mabega. Sindano ndogo ya ganzi inawasha kidogo. Ndipo ile kubwa inapoingia, na kwa dakika kadhaa chumba kizima kinakwenda kwa mwendo wa tumbo la mtu mmoja.

"Daktari, unakuja."

"Uje tu, mama. Sigusi kitu mpaka upite."

Napenda sana kusimama huko. Sindano iko sentimita 3 ndani ya mgongo, mwanamke anatetemeka, na yule aliyeishika ameegemeza nyuma ya vidole vyake vya kushoto kwenye ngozi ya mzazi. Mama akisogea, mkono unasogea naye na sindano haipati nafasi ya kujiendea. Uchungu ukipita, anaendelea: milimita moja, sukuma bomba, limekataa, milimita moja, sukuma, limekataa. Hakuna anayempigia makofi kwa hilo. Lakini kama kuna mahali ustadi umekaa, ni katika kule kurudia jaribio lile lile kwa uangalifu ule ule, wakati mwili wote wa chumba unamwomba aharakishe.

Mbinu hii ina wazee wake. Fidel Pagés, daktari wa upasuaji katika jeshi la Hispania, aliandika juu ya ganzi ya epidurali ya kiunoni mwaka 1921, akafa kwa ajali ya gari mwaka 1923 kabla kazi yake haijasambaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Achille Dogliotti wa Italia aliifikia njia hiyo upya, na ndiye aliyeipa umaarufu mbinu ya kutafuta pale bomba linapolegea. Sindano inayotumika leo ina ncha iliyopinda kidogo, isiyokata kwa ukali wa sindano za kawaida. Mpindo huo ulibuniwa na Ralph Huber, daktari wa meno wa Seattle, na Edward Tuohy wa Marekani akautumia kuelekeza mrija mwembamba ndani ya mgongo. Manuel Martínez Curbelo kutoka Havana alimwona Tuohy akifanya hivyo, akarudi kwao, na mwaka 1947 akapitisha mrija uliotengenezwa kwa ajili ya njia ya mkojo hadi kwenye uwazi wa epidurali. Bila mrija, dawa ingekuwa ya dozi moja. Nao uchungu wa uzazi, hasa wa mimba ya kwanza, haujui habari ya dozi moja.

Mrija ukishaingia, sentimita 4 au 5 ndani ya uwazi, kuna sheria isiyovunjwa: hauvutwi nyuma ukiwa bado ndani ya sindano, maana ile ncha iliyopinda inaweza kuukata na kipande kikabaki mgongoni. Ukigoma, vyote viwili hutoka pamoja na kazi inaanza upya.

Na hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na wanaosifu wepesi wa mikono peke yake. Kuifikisha sindano ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutoiamini. Daktari amehisi bomba likilegea. Ana hakika yuko mahali pake. Na bado anafanya kila kitu kana kwamba amekosea. Anavuta kupitia mrija kwa bomba tupu aone kama damu itakuja, maana huenda ncha imeingia mshipani. Anatazama kama maji yanatoka, maana huenda utando umetoboka. Hata vikiwa havitoki, hajaridhika. Anatia dozi ndogo, anasubiri dakika kadhaa, anauliza. "Miguu imekuwa mizito ghafla?" Ikiwa ndiyo, dawa imeingia kwenye maji ya uti. "Masikio yanavuma? Unasikia ladha ya chuma mdomoni? Midomo inakufa ganzi?" Ikiwa ndiyo, dawa inakwenda kwenye damu. Na kila dozi inayofuata, hata saa sita baadaye, inachukuliwa kuwa ya kujaribu, kwa sababu mrija uliokuwa mahali pazuri asubuhi unaweza kuhama jioni. Usalama wa epidurali umejengwa juu ya shaka hiyo iliyopangwa kwa zamu, na kila hatua imewekwa ili kuikamata iliyoitangulia.

Shaka hiyo haikuzuka hewani. Katika miaka ya 1970 dawa ya ganzi ya bupivakeini ilitumika kwa ukali mkubwa, na mwaka 1979 George Albright wa Marekani aliwatahadharisha wenzake kuhusu wagonjwa ambao mioyo yao ilisimama ghafla baada ya dawa kuingia kwenye damu. Katika miaka ya 1980 Marekani ikakataza ule ukali wa asilimia 0.75 kwa wazazi. Baadaye, mwaka 1998, Guy Weinberg na wenzake walionyesha kwa panya kwamba mafuta meupe yale yale wanayolishwa wagonjwa kupitia mshipani yanaweza kuukomboa moyo uliolemewa na dawa hiyo. Leo chupa ya mafuta ya asilimia 20 hukaa kabatini leba, na mara nyingi inapitwa na muda wake bila kuguswa. Bupivakeini yenyewe imezimuliwa hadi asilimia 0.1 au chini yake, ikichanganywa na dawa ya maumivu ya fentanili kidogo. Neva nyembamba zinazobeba maumivu hulegea mapema, zile nene za misuli zikibaki na nguvu, hivyo mama anaweza kuisogeza miguu yake na kusukuma mtoto. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba dozi hizi hafifu ziliongeza idadi ya wanaojifungua kwa njia ya kawaida, zikilinganishwa na dozi kali za zamani.

Baada ya dozi, presha inapimwa kila dakika 5 kwa muda wa dakika 20 hivi, kwa kuwa ganzi hulegeza mishipa ya damu na presha huweza kuanguka. Mapigo ya moyo wa mtoto yanafuatiliwa. Kisha daktari huchukua kipande cha barafu na kukipitisha ubavuni, kutoka kifuani kushuka chini. "Hapa baridi? Na hapa?" Mama anasema pale anasikia maji tu, baridi hasikii. Upande wa kulia ukiwa umekufa ganzi na wa kushoto bado, mrija unavutwa sentimita moja, au mama analazwa upande mwingine, au kazi inarudiwa. Kwa takwimu za chama cha madaktari wa usingizi wa uzazi cha Uingereza, mzazi 1 kati ya 8 hapati nafuu ya kutosha na huhitaji njia ya ziada. Napenda kwamba wanaandika hivyo kwenye karatasi anayopewa mama, bila kupamba.

Karatasi hiyo inaendelea kwa ujasiri uo huo. Presha kuanguka kwa kiasi kikubwa: 1 kati ya 50. Kichwa kuuma vibaya: 1 kati ya 100. Neva kuathirika kwa muda, ganzi ikabaki sehemu ya mguu: 1 kati ya 1,000. Madhara ya neva yanayodumu zaidi ya miezi sita: 1 kati ya 13,000. Jipu ndani ya uwazi: 1 kati ya 50,000. Damu kuganda humo: 1 kati ya 170,000. Kupooza au madhara mengine makubwa sana: 1 kati ya 250,000. Mtu anaweza kuisoma orodha hiyo akaogopa. Mimi nikiisoma naona idadi ya watu waliolazimika kuhesabu kwa uaminifu ili iandikike. Mwaka 2009 Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Usingizi cha Uingereza kilitoa hesabu ya sindano za mgongo zaidi ya 700,000 zilizochomwa ndani ya mwaka mmoja hospitalini mwao, kikifuatilia madhara makubwa moja baada ya jingine. Wazazi walikuwa miongoni mwa waliodhurika kwa uchache kabisa.

Waingereza wana sababu ya kuhesabu. Tarehe 13 Oktoba 1947, huko Chesterfield, wanaume wawili walichomwa sindano za mgongo kwa ajili ya upasuaji mdogo siku moja, wote wawili wakapooza. Haikuwa epidurali, ilikuwa ile ya kwenye maji ya uti. Mahakama ilikubali maelezo kwamba dawa ya kuua vijidudu ilipenya kwenye chupa za ganzi kupitia nyufa zisizoonekana. Wachunguzi wa baadaye wakashuku tindikali iliyobaki kwenye chombo cha kuchemshia vifaa. Vyovyote iwavyo, kwa miaka mingi madaktari wengi wa nchi ile waliiogopa sindano ya mgongo.

Lakini hofu ya sindano isitusahaulishe kilichokuwapo kabla yake. John Bonica, Mwitaliano aliyehamia Marekani na kujilipia masomo ya udaktari kwa kupigana mieleka, alikuwa daktari kijana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mkewe, Emma, alipokuwa akijifungua mtoto wao wa kwanza. Daktari mwanafunzi alimvutisha etha kwa barakoa. Akatapika, matapishi yakaziba njia ya hewa, akaanza kubadilika rangi. Bonica aliruka, akaisafisha njia ya hewa mwenyewe, na mama na mtoto wakapona. Mwaka 1946 Curtis Mendelson wa New York alieleza kwa marefu hatari hiyo ya wazazi kuvuta matapishi mapafuni wakiwa usingizini. Bonica alitumia maisha yake yaliyobaki kujenga taaluma ya kutibu maumivu, akiitetea epidurali leba kuliko wengi wa wakati wake. Mama mwenye epidurali yuko macho, anakohoa, analilinda mwenyewe koo lake. Na akihitaji upasuaji wa haraka, mara nyingi mrija ule ule unaongezwa dawa kali zaidi na hakuna haja ya kumlaza kabisa.

Huenda hiyo ni moja ya sababu za matokeo yaliyotoka Scotland mwaka 2024. Kati ya wazazi 567,216 waliochunguzwa, waliopata epidurali walikuwa na upungufu wa asilimia 35 wa madhara makubwa ya uzazi. Ni uhusiano, si uthibitisho. Mwenye epidurali pia huangaliwa kwa karibu zaidi, na mimi sioni kama hilo linaipunguzia hadhi.

Kwetu Afrika Mashariki lawama maarufu ni ya maumivu ya kiuno. Mama aliyepasuliwa miaka kumi iliyopita bado husema ni ile sindano ya mgongo. Tafiti zilizowafuatilia wazazi hazikuona tofauti ya maumivu ya kudumu kati ya waliochomwa epidurali na wasiochomwa. Mimba yenyewe, kubeba mtoto na kuinamia beseni vinatosha. Wala haiongezi uwezekano wa kupasuliwa. Inachoweza kufanya ni kurefusha kipindi cha kusukuma, kumpa mama homa au muwasho, na katika tafiti za zamani iliongeza haja ya kuvutwa mtoto kwa vifaa.

Kile kichwa kinachouma nacho kina hadithi yake. Sindano ikitoboa utando, maji ya uti huvuja, na mama akikaa tu kichwa kinapasuka, akilala kinatulia. Mwaka 1960 James Gormley, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliona kwamba wagonjwa ambao uchomaji wao uliambatana na damu waliumwa kichwa kidogo kuliko wengine. Akajiuliza kama damu yenyewe ndiyo inayoziba. Hadi leo dawa ya shida hiyo ikizidi ni mililita 20 hivi za damu ya mama mwenyewe, zinazochotwa mkononi na kutiwa uwazini kwa sindano ya aina ile ile iliyoleta balaa. Wengine hukaa kitandani dakika hizo hizo wakishangaa kichwa kimekwenda wapi.

Kosa jingine halihusiani na mgongo hata kidogo. Mwaka 2004 mzazi mmoja Uingereza alikufa baada ya mfuko wa dawa ya epidurali kuunganishwa na dripu ya mkononi. Mikono iliyofanya hivyo haikukosa ustadi wa sindano, ilikosa kizuizi. Sasa kuna viunganishi vya njano vya njia za mgongoni ambavyo haviingiani na vya mshipani, hata ukilazimisha. Naviheshimu vipande hivyo vya plastiki kuliko hotuba nyingi za usalama.

Tanzania na Kenya sindano ya mgongo kwa ajili ya upasuaji imezoeleka, ila epidurali ya leba hupatikana zaidi katika hospitali binafsi na baadhi ya zile kubwa. Bei inachangia, lakini bei ya mrija siyo kisa chote. Sindano inachukua dakika chache. Kinachogharimu ni mtu wa kubaki baada yake, usiku kucha, akipima presha na kuuliza habari za miguu. Madaktari wa usingizi ni wachache katika ukanda wetu, mbali sana na watu 5 kwa kila wakazi 100,000 ambao shirikisho lao la dunia linapendekeza. Hospitali isiyo na mtu wa kubaki ikikataa kuanza, haijabaki nyuma. Imeielewa kazi kuliko ile inayochoma na kuondoka. Anayetaka kujua kama mahali fulani ni salama, aulize klinikini, kabla uchungu haujaanza: akishachoma, nani anakaa?

Mtoto akishazaliwa, mrija huvutwa taratibu na ncha yake kukaguliwa kama imetoka nzima, kisha ikaandikwa kwenye faili kwamba imeonekana. Saa chache baadaye mama huombwa auinue mguu ukiwa umenyooka, mmoja mmoja. Asipoweza, simu inapigwa wakati huo huo, kwa sababu damu iliyoganda ikikandamiza neva inaacha saa chache tu za kuokoa miguu. Kesho yake daktari hurudi na maswali ya kawaida: unatembea, unakojoa, kichwa kinauma ukikaa, mgongo una uvimbe au joto? Wazazi wengi humjibu haraka haraka huku wakihangaika na mtoto asiyetaka kunyonya.